Kitunza Kioo cha Kompyuta na Maneno ya Kukiamrisha

Kila mwanafunzi aliyepata kuingia katika chumba cha kompyuta ameona jambo hili. Mtu akiinuka na kuiacha mashine bila kuigusa, baada ya dakika chache maandishi yake hutoweka, na mahali pake hutokea michezo ya rangi: mistari inayopindana, mapovu yanayoelea, nyota zinazogongana, au mzingile unaojichora na kisha kujifumbua. Akirudi na kugusa kitufe kimoja tu, mchezo hukoma na maandishi yake hurudi kama yalivyokuwa. Programu inayofanya kazi hiyo huitwa kitunza kioo. Wengine husema kihifadhi skrini. Wengi wetu hudhani kwamba ni pambo, au kwamba mashine imelala. Mashine yenye mchezo wa namna hiyo haikulala hata kidogo. Huenda inafanya kazi kubwa kuliko ile uliyokuwa ukiifanya wewe ulipokuwa umekaa mbele yake.

Nataka kueleza programu hizi zilitoka wapi, na hasa jinsi ya kuziamrisha kwa maneno machache yanayoandikwa kwa mkono. Shule za mkoa wetu wa Shinyanga, na za jirani zetu wa Geita, hununua umeme kwa uniti za LUKU au hutegemea paneli za jua na betri. Kwa hiyo jambo hili, ijapokuwa linaonekana kuwa la mchezo, lina hesabu ya fedha ndani yake, na hesabu hiyo tutaifanya mbele.

Kwanza asili yake. Vioo vya kompyuta vya zamani vilikuwa vizito, vyenye tumbo kubwa nyuma kama televisheni za kale. Ndani ya kioo palipakwa unga wa fosfori, na mionzi ya elektroni ilipougonga unga huo ulitoa mwanga. Sasa, kama picha ile ile ilikaa mahali pale pale mchana na usiku, unga wa mahali hapo ulichoka kabla ya mwingine, na kivuli cha picha kikabaki kioo kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Waliopata kuona mashine za zamani zilizoonyesha orodha moja mwaka mzima wanakijua kivuli hicho. Maneno yake yalisomeka hata umeme ulipokatika.

Mwezi wa Desemba mwaka 1983 Mmarekani mmoja, John Socha, alichapisha katika gazeti la Softalk programu aliyoiita SCRNSAVE. Kazi yake ilikuwa moja: mtu asipogusa vitufe kwa dakika tatu, kioo kilikuwa cheusi. Angalieni kwamba kitunza kioo hicho cha kwanza cha kompyuta za IBM hakikuwa na mchezo wowote. Giza lilitosha. Michezo ililetwa baadaye, na iliyojulikana sana ni ile ya After Dark ya mwaka 1989, ambamo vibaniko vya mkate vilipewa mabawa vikaruka angani. Watu walivipenda vibaniko wakasahau kioo.

Mwaka 1992 Mmarekani mwingine, Jamie Zawinski, alitoa mkusanyo uitwao XScreenSaver kwa ajili ya kompyuta za Unix, nao hutumika leo katika Linux. Mkusanyo huo una michezo zaidi ya 200, iliyoandikwa na watu wengi, na Zawinski mwenyewe bado anautunza. Huo ndio nitakaoutumia zaidi katika maelezo yangu, kwa sababu ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuinakili bila malipo, kuisoma ndani, na kuibadili.

Huku kwetu historia ilikwenda njia nyingine. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla ya mlango kufunguliwa. Kwa hiyo wakati wenzetu walipokuwa wakihangaika na vioo vyenye vivuli, hapa vioo vyenyewe vilikuwa vya kuhesabika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na tangu siku hizo mtu hawezi tena kusema kwamba mashine haisikii lugha yetu. Lakini maneno ya amri ninayotaka kuyaeleza bado ni ya Kiingereza kilichofupishwa, na sharti yaandikwe kama yalivyo, herufi kwa herufi.

Haya, sasa tuje kwenye amri. Kompyuta huweza kuamrishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuigusa picha kwa kipanya: unaona alama, unaibofya, programu inafunguka. Njia ya pili ni kuandika jina la programu katika dirisha jeusi la amri na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Njia ya pili ni ya zamani zaidi na haipendezi macho, lakini ina faida ambayo ya kwanza haina. Baada ya jina la programu unaweza kuongeza maneno yanayoieleza ifanye kazi yake kwa namna gani. Maneno hayo huitwa machaguo.

Wanafunzi wenzangu wanaotoka Nyarugusu na Rwamgasa wataelewa upesi nikiwapa mfano wa karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Karasha ni lile lile kila siku. Lakini kabla ya kuliwasha, mwenyewe huamua litiwe mawe kiasi gani, litiwe gololi za chuma ngapi, na lizunguke kwa muda gani. Asipoamua neno, fundi atafuata desturi ya mahali hapo. Mawe yakitoka yakiwa makubwa kuliko yanavyotakiwa, dhahabu iliyomo haipatikani, na karasha halina kosa. Programu nayo ni hivyo hivyo. Ina desturi zake ambazo hufuata ikiwa hukusema neno. Ukisema, hufuata neno lako.

Amri kamili huwa na sehemu tatu: jina la programu, jina la chaguo likitanguliwa na kistari, na pengine thamani yake. Kwa mfano:

galaxy -delay 50000

Hapa galaxy ni jina la mchezo unaoonyesha makundi ya nyota yakipitana na kuvutana. Neno -delay ni chaguo, na 50000 ni thamani. Kati ya sehemu moja na nyingine sharti pawe na nafasi. Kati ya kistari na neno lake pasiwe na nafasi. Ukiandika kistari mbali na neno, mashine huviona kuwa vitu viwili na itakataa. Matoleo mapya ya mwongozo huandika vistari viwili badala ya kimoja, lakini kimoja nacho hukubaliwa, basi msomaji asihangaike akiona tofauti hiyo. Machaguo mengine hayana thamani. Kuyataja tu kwatosha, kama mtu anavyosema “funga mlango” bila kuongeza kitu.

Katika Linux za jamii ya Debian na Ubuntu michezo hii hukaa katika folda /usr/libexec/xscreensaver, na katika matoleo ya zamani /usr/lib/xscreensaver. Ingia katika folda hiyo kwa amri cd, kisha andika nukta, mkwaju, na jina la mchezo, hivi: ./galaxy. Dirisha litafunguka na nyota zitaanza kutembea. Ukiandika chaguo ambalo mchezo haulijui, hautakaa kimya. Utakukatalia na kukuorodheshea machaguo unaoyajua. Mimi naona hiyo ndiyo njia nzuri ya kujifunza: andika kwa makusudi neno lisilokuwapo, nao utakupa kamusi yake bure.

Yako machaguo ambayo karibu michezo yote huyaelewa. Chaguo -window huufanya mchezo uchorwe ndani ya dirisha lake, nao hufanya hivyo hata usipoliandika. Chaguo -root huufanya uchorwe juu ya ukuta wa nyuma kabisa, nyuma ya madirisha yote. Hilo ndilo linalotumika mchezo unapoanzishwa na kitunza kioo chenyewe. Ukiliandika kwa mkono huenda usione kitu, kwa maana meza nyingi za kisasa huweka picha yao juu ya ukuta huo na kuufunika. Mchezo utakuwa unacheza mahali ambapo hakuna mtu wa kuutazama. Chaguo -mono huondoa rangi zote zikabaki nyeupe na nyeusi. Chaguo -count, kwa michezo iliyo nalo, hutaja idadi ya vitu vitakavyochorwa, na -ncolors hutaja idadi ya rangi.

Lakini katika machaguo yote, lenye thamani kubwa kwetu ni -delay, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa hesabu.

Picha inayotembea ni picha nyingi zilizosimama, zinazofuatana upesi hata jicho likadanganyika. Kati ya picha moja na ya pili programu hupumzika. Chaguo -delay ndilo linalosema ipumzike kwa muda gani, na kipimo chake ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa hiyo -delay 20000 maana yake ni mapumziko ya sehemu 20,000 za milioni, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kama kuchora kwenyewe kungekuwa hakuchukui muda wowote, mashine ingetoa picha 50 kwa kila sekunde. Ukiandika -delay 100000 zitakuwa picha 10 kwa sekunde. Ukiandika -delay 1000000 itakuwa picha moja kwa sekunde, na nyota zitaruka kama vyura. Kuchora nako huchukua muda, basi hesabu hizi ni za juu kabisa. Tuseme kuchora picha moja huchukua sehemu 30,000 na mapumziko ni 20,000. Jumla ni 50,000, na mashine hutoa picha 20 kwa sekunde.

Sasa mwanafunzi mwerevu atauliza: je, nikiandika -delay 0? Jibu ni kwamba programu haitapumzika kabisa. Itachora picha baada ya picha kwa nguvu zake zote, prosesa itapata joto, na feni itaanza kuvuma. Katika kiangazi cha Shinyanga, vumbi linapoingia hata katika madaftari yaliyofungwa, feni ya kompyuta iliyojaa vumbi haiwezi kazi hiyo kwa siku nyingi. Nawashauri wenzangu wasifanye jaribio hilo kwa zaidi ya dakika moja.

Ili kuona kwa macho, ongeza chaguo -fps. Katika pembe ya dirisha yatatokea maandishi yanayotaja idadi ya picha kwa sekunde, na chini yake asilimia ya mzigo ambao mashine imeubeba. Jaribuni amri hizi mbili, moja baada ya nyingine, na kuandika tarakimu zake:

./galaxy -fps -delay 10000
./galaxy -fps -delay 100000

Mchezo ni ule ule, na mtu anayepita mlangoni hataona tofauti kubwa ya uzuri. Mzigo wa mashine, lakini, utakuwa umeshuka sana. Hii ndiyo sababu nasema kwamba neno moja lina thamani kuliko kipanya kizima.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni maze, yaani mzingile. Kwanza hujichora kuta na vijia mbele ya macho yako. Kisha mtembezi huingia kwa mlango mmoja na kutafuta njia ya kutokea, akipotea, akirudi nyuma, akijaribu kijia kingine, hata atoke. Mtu aliyepata kusikia habari za vijia vya chini ya ardhi katika machimbo ya Geita hawezi kuutazama bila kumwonea huruma mtembezi yule. Chaguo -grid-size hutaja ukubwa wa kila chumba cha mzingile: tarakimu ndogo huleta vyumba vingi vyembamba, kubwa huleta vichache vipana. Chaguo -solve-delay hutaja mapumziko kati ya hatua moja ya mtembezi na nyingine. Chaguo -pre-delay humfanya asubiri kabla ya kuanza, na -post-delay humfanya asubiri baada ya kutoka, ili watazamaji waione njia yake. Liko na chaguo -ignorant, ambalo humfanya mtembezi awe mjinga. Asiposaidiwa na maarifa yoyote, hujaribu hata vijia ambavyo mtu mwenye akili angejua mara moja kwamba havitokei popote. Kwa mfano:

./maze -grid-size 30 -solve-delay 200000 -ignorant

Mzingile huu ni somo zima la hesabu. Mwalimu wa kompyuta anaweza kuutumia kuonyesha jinsi mashine inavyotafuta jibu kwa kujaribu na kurudi nyuma, jambo ambalo ubaoni huchukua vipindi viwili na bado nusu ya darasa haijaelewa.

Mchezo wa pili unaotufaa ni phosphor. Huu huiga kioo cha zamani chenye maandishi ya kijani yanayofifia polepole, na kwa desturi huonyesha maneno yanayotoka popote mashine itakapoyapata. Lakini una chaguo -program, ambalo thamani yake ni amri nyingine. Maneno yatakayotolewa na amri hiyo ndiyo yatakayoandikwa kiooni. Basi andikeni katika faili moja kanuni za fizikia, au majina ya elementi na alama zake, kisha semeni:

./phosphor -program 'cat kanuni.txt'

Amri cat kazi yake ni kusoma faili na kulitoa kama lilivyo. Angalieni alama za kufungia maneno mawili yale: bila hizo, phosphor ingedhani kwamba thamani ni cat peke yake, na kanuni.txt ni kitu kingine kisichojulikana. Hapo kioo kisicho na mtu kinageuka kuwa ubao. Sijui kama mtu hukariri kanuni kwa kupita tu mbele ya kioo, lakini ubao wa matangazo nao tunaupita hivyo hivyo, na matangazo ya chakula hatuyasahau.

Sasa, wengi watasema kwamba kompyuta walizozizoea ni za Windows. Ni kweli, na huko nako yako machaguo, ingawa ni machache. Vitunza kioo vya Windows hukaa katika folda C:\Windows\System32, na majina yao huishia kwa .scr, kama Mystify.scr, Bubbles.scr na Ribbons.scr. Badala ya kistari hutumia alama ya mkwaju. Ukiandika Mystify.scr /s mchezo utaanza na kujaza kioo kizima papo hapo. Ukiweka /c badala ya /s, litafunguka dirisha la mipangilio, au utaambiwa kwamba mchezo huo hauna mipangilio. Herufi ya tatu ni /p, nayo hufuatwa na namba ya dirisha. Windows yenyewe huitumia kuchora ile picha ndogo ya kuonja, na mtu hana haja nayo. Machaguo ndiyo hayo matatu. Kasi na idadi ya vitu haviandikwi katika amri.

Ziko sababu za kuujua mkia huu wa .scr kuliko hizo. Faili la .scr ni programu kamili kama ile ya .exe, na linaweza kufanya jambo lolote ambalo programu inaweza. Waovu wamelijua hilo tangu zamani. Hutengeneza kirusi, hukipa picha ya folda au ya picha ya harusi, na jina lenye mkia wa .scr, kisha hukiacha kisambae kwa flashi kutoka mashine hadi mashine. Kwa kuwa Windows kwa desturi huificha mikia ya majina, mtu huona folda, huibofya, na kumbe ameanzisha programu. Katika chumba cha kompyuta ambapo flashi moja hupita katika mashine zote kwa siku moja, kirusi hakihitaji intaneti. Ukiletewa faili la namna hiyo kutoka stesheneri ya mjini au kwa rafiki, usilifungue hata kama umeambiwa ni mapambo mazuri. Na mtu akikuambia kwamba ana XScreenSaver ya Windows, usiikubali: Zawinski hakutoa toleo la Windows.

Nimeahidi hesabu ya umeme, nayo ni hii. Vioo vya siku hizi ni vyembamba na havina unga wa fosfori ndani yake. Nyuma ya picha iko taa, na mbele ya taa iko fuwele ya maji inayofungua na kufunga njia ya mwanga. Picha ikiwa nyeusi, njia imefungwa, lakini taa nyuma yake inawaka vile vile. Kwa hiyo katika kioo cha namna hii, mchezo wa rangi hautunzi kioo wala haupunguzi umeme. Na hata weusi peke yake haupunguzi, isipokuwa taa imezimwa. Vioo vya OLED, ambavyo viko katika simu nyingi na televisheni za bei kubwa, ni mbali na hivyo. Hivyo bado huweza kubaki na kivuli, na huko hadhari ya kale ina maana.

Tuseme chumba kina kompyuta 20, na kila kioo hutumia wati 20. Tuseme kwamba kwa siku, ukijumlisha saa ya uji, saa ya chakula na vipindi visivyo na mtu, mashine hukaa saa 3 zikicheza michezo bila kutazamwa. Wati 20 mara vioo 20 mara saa 3 ni wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2. Kwa siku 22 za masomo katika mwezi ni uniti 26.4. Hiyo ni ya vioo tu. Kama mchezo mzito unaiongezea kila mashine wati 15 za kuchora, ongezeni wati-saa 900 kwa siku.

Kwa shule ya umeme wa jua hesabu ni kali zaidi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huchukua wati-saa 1,200 ikiwa imejaa. Ni sawasawa na umeme uliopotea katika siku ile moja! Na kwa kuwa betri za risasi na asidi haifai kuzikausha kupita nusu, kwa kweli ni kazi ya betri mbili. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayetaka kufanya mazoezi ya vitendo jioni atakuta kwamba nyota za galaxy zimekwisha kunywa umeme wake mchana.

Dawa yake ni amri. Katika Linux inayotumia mfumo wa kuchora wa X, amri xset hutawala taa ya kioo:

xset dpms 300 600 900

Tarakimu hizo ni sekunde. Baada ya sekunde 300 kioo hupumzika, baada ya 600 hulala, na baada ya 900 huzimika. Ukitaka kukizima sasa hivi, andika xset dpms force off. Ukigusa kitufe chochote kitawaka tena, na kazi yako haikupotea. Katika Windows amri yake ni powercfg /change monitor-timeout-ac 5, na hapo tarakimu ni dakika. Kwa kompyuta ya mkononi inayotumia betri badilisha ac iwe dc.

Kwa wenye XScreenSaver, liko faili liitwalo .xscreensaver katika folda ya kila mtumiaji. Ndani yake mtaona mistari kama timeout: 0:10:00, maana yake mchezo uanze baada ya dakika 10. Mstari wa mode ukiandikwa mode: blank, hakuna mchezo utakaochezwa. Mkiongeza dpmsEnabled: True na dpmsQuickOff: True, taa itazimwa mara tu zamu ya giza inapoanza. Chini yake imo orodha ya michezo yote, kila mmoja na machaguo yake, na hapo ndipo mnapoweza kuandika -delay 100000 mkaiacha idumu. Mstari ulioanza kwa kistari na nafasi ni mchezo uliositishwa. Faili hilo ni la mtumiaji mmoja, basi mabadiliko yako hayatamgusa mwenzako anayeingia kwa jina lake.

Neno la tahadhari kwa wenye matoleo mapya: Linux nyingi za sasa zimeacha mfumo wa X na kutumia Wayland, na huko amri xset haina nguvu juu ya taa, tumieni ukurasa wa nishati katika mipangilio. Tena, amri ya xset hudumu hadi mtu anapotoka tu, hivyo sharti iwekwe katika orodha ya programu zinazoanza pamoja na mashine. Ili kuhakikisha kwamba imekubaliwa, andika xset q na kusoma mistari ya mwisho. Ukiona DPMS is Enabled, pamoja na tarakimu zako tatu juu yake, kioo kitazimika kwa wakati wake. Ukiona Disabled, andika xset +dpms na kutazama tena.